Mtoto akichukuliwa Marekani, tajeni ndugu mapema

Mhariri,

Kuna maneno yanayozunguka katika makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Marekani, na ya ndugu zao walioko Kigoma, Nairobi na Bukavu, kwamba serikali ya huko huwanyang'anya wakimbizi watoto wao na kuwagawa kwa wazungu wasiojaliwa kuzaa. Si kweli. Ubaya wa maneno hayo, hata hivyo, hauishii kwenye uongo. Mzazi anayeyaamini huona hana la kufanya. Huzima simu, hukataa kufungua mlango, au huhamia jimbo jingine usiku, na hapo ndipo anapompoteza mtoto kweli. Sisi tunaoandika ni wakalimani na wasaidizi wa familia katika mashauri ya watoto waliochukuliwa na serikali. Tunaomba nafasi tueleze jinsi mambo yanavyokwenda, na zaidi tulisemee jambo moja ambalo familia zetu hulifanya kwa kuchelewa, nalo ni kutaja ndugu wanaoweza kumpokea mtoto.

Kwanza ieleweke kwamba Marekani haina ofisi moja ya kulea watoto hawa. Kila jimbo lina idara yake yenye jina lake, ingawa watu wetu huziita zote CPS, yaani Child Protective Services, huduma za kulinda watoto. Serikali kuu ya shirikisho, iliyoko Washington, hutoa sehemu ya fedha pamoja na masharti yake. Mengine hupangwa na jimbo, na kwingine, kama Ohio na North Carolina, kazi yenyewe hufanywa na kaunti. Ndiyo maana ushauri wa shemeji aliyeko Arizona unaweza kumponza mtu wa Ohio. Mwishoni mwa Septemba 2023 watoto zaidi ya 340,000 walikuwa katika malezi ya muda chini ya majimbo (foster care) nchi nzima. Wengi wao hawakuchukuliwa kwa sababu ya kipigo bali kwa kile kinachoandikwa kuwa ni kutotunzwa, na karibu nusu ya wanaotoka kila mwaka hurudi kwa wazazi wao. Kuchukuliwa si kupotea. Kupotea huletwa na kalenda, na hiyo tutaifikia.

Yanayomleta ofisa wa idara mlangoni kwa familia zetu hayana mafumbo. Mwalimu akiona alama ya mkanda au ya waya mgongoni mwa mtoto hana hiari: sheria inamlazimisha kuripoti, na asiporipoti anaweza kushtakiwa yeye. Texas na Kentucky wajibu huo ni wa kila mtu, hata jirani. Hakuna jimbo lililopiga marufuku kabisa mzazi kumwadhibu mtoto kwa mkono nyumbani, ila alama, kifaa kilichotumika na sehemu ya mwili iliyopigwa ndivyo vinavyoamua. La pili ni kuachwa peke yao. Mama anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, binti wa miaka 9 anabaki na wadogo zake wawili, jambo ambalo kambini Nyarugusu lisingemshtua mtu kwa kuwa nyumba za jirani ziko hatua chache. Majimbo mengi hayakuweka umri wa chini katika sheria, na watu hudhani ukimya huo ni ruhusa. Kinyume chake, unamwachia ofisa aamue kwa macho yake. La tatu ni miadi ya hospitali: mtoto mwenye sikoseli au kifafa akikosa miadi mara kadhaa, kinachoandikwa ni kwamba mzazi hajali matibabu, hata kama kilichokosekana ni usafiri. Ukikosa usafiri, piga simu kabla ya saa ya miadi na uombe jina la aliyepokea.

Ofisa akifika, sheria ya shirikisho inayataka majimbo yahakikishe kwamba mzazi anaelezwa tuhuma tangu mara ya kwanza wanapokutana. Aulize kwa utulivu: ninatuhumiwa nini? Kisha aombe mkalimani. Huduma hiyo ni bure, kwa sababu idara yoyote inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kumtumia mtoto wa nyumbani kutafsiri kuna hasara mara mbili, maana mara nyingi mtoto huyo ndiye shahidi. Tatizo jingine tunalokutana nalo mno ni la mkalimani wa simu kuwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam, na anayehojiwa ni mama wa Fizi au Uvira, ambaye Kibembe ndiyo lugha yake ya kwanza na Kiswahili chake ni cha Kongo. Huyo mama huitikia "ndiyo" kwa heshima tu, na ile ndiyo huingia kwenye faili kama kukiri. Kusema "simwelewi huyu, naomba mwingine" si utovu wa adabu, hata mbele ya hakimu.

Kabla ya mahakama mara nyingi huja karatasi iitwayo mpango wa usalama. Ofisa husema: tia sahihi, watoto walale kwa mjomba wao wiki mbili, mambo yaishe. Wakati mwingine ni nafuu kubwa kwa kuwa watoto hawaendi kwa mgeni. Lakini mpango huo hauna hakimu, aghalabu hauna wakili, na mjomba hapati senti ya kuwalishia. Wiki mbili hugeuka miezi. Asitie sahihi mtu kabla hajasomewa kwa Kiswahili, na karatasi ionyeshe tarehe ya kumalizika.

Watoto wakichukuliwa kwa dharura, kikao cha kwanza huja haraka. Kentucky ni ndani ya saa 72 bila kuhesabu mwisho wa wiki na sikukuu. Texas kikao ambacho mzazi anaweza kupinga huwa ndani ya siku 14. Katiba ya Marekani haimhakikishii kila mzazi wakili katika mashauri haya, hivyo ndivyo Mahakama Kuu ilivyoamua mwaka 1981 katika kesi ya Lassiter, ila majimbo mengi yameweka haki hiyo katika sheria zao kwa asiye na uwezo. Inabidi iombwe, na fomu ya kipato ijazwe siku hiyohiyo.

Sasa ndugu. Sheria ya mwaka 2008 inailazimu idara kuwatafuta na kuwaarifu ndugu watu wazima ndani ya siku 30 tangu mtoto achukuliwe. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa familia zetu hukwama, na chanzo kikubwa ni aibu: mzazi hataki ukoo ujue, anaficha akitumaini watoto watarudi Ijumaa. Siku 30 zinapita, watoto wameshatenganishwa katika nyumba mbili ambazo hakuna anayejua hata kusema "pole", na shangazi anayeishi umbali wa dakika 20 anapata habari kanisani mwezi wa tatu tangu wachukuliwe. Akijitokeza wakati huo huambiwa kwamba mtoto amekwisha kuzoea aliko. Hakimu anayesikia hoja hiyo si mbaya. Anatazama mtoto wa miaka miwili ambaye robo ya mwaka kwake ni umri.

Chanzo cha pili ni namna tunavyotaja watu. Mzazi anaandika "Mama Furaha" na "Mzee wa kanisa". Ofisa anatafuta, hampati, anaandika kwamba ndugu hawakupatikana. Jina litajwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, pamoja na simu, anwani, na uhusiano uliofafanuliwa: si "kaka yangu" bali "mtoto wa dada yake mama yangu". Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1, kwa hiyo upekuzi wa jina na tarehe huweza kumleta mtu mwingine mwenye rekodi ya jela. Alama za vidole humsafisha, lakini itabidi mtu azidai. Na wasio wa damu wasiachwe: majimbo mengi humkubali pia mtu wa karibu aliyemjua mtoto kabla ya shauri, kama mama wa ubatizo, mchungaji, au jirani tangu kambini. Taja watu watano, hata wanaoishi majimbo mengine. Atakayeshindwa kumpokea mtoto anaweza kukubali kumpeleka shule au kusimamia ziara za mzazi kumwona mtoto.

Nyumba ya ndugu itakaguliwa, na tungependa ukaguzi huo uwakute watu wamejiandaa. Kila mtu mzima anayelala humo hupekuliwa, awe mwenye nyumba au mgeni wa sebuleni. Mpangaji asiyetajwa ndiye huvunja maombi mengi, kwa sababu akigundulika mwenye nyumba huonekana amedanganya. Rejesta za unyanyasaji wa watoto hutazamwa katika kila jimbo alikoishi mwombaji kwa miaka 5 iliyopita. Hukumu ya kosa kubwa la kumdhuru mtoto au mwenza, la ubakaji au la mauaji hufunga mlango moja kwa moja. Hukumu ya kosa kubwa la shambulio au la dawa za kulevya hufunga kwa miaka 5. Faini ya barabarani haifungi kitu. Kila mtoto awe na kitanda chake, si godoro la pamoja sakafuni. Dawa na sabuni za sumu ziwe ndani ya kabati lenye kufuli. Kifaa cha kutambua moshi kiwe na betri hai. Kumiliki nyumba si sharti, na mpangaji hukubaliwa. Ofisa hutaka kuona kwamba kodi ya nyumba inalipika bila posho ya mtoto.

Majimbo mengi humweka mtoto kwa ndugu kwanza, baada ya upekuzi mfupi na kutazama nyumba, leseni ya kuwa mlezi ifuate. Hapo ndugu wengi hupumzika na kuiacha leseni kwa kuogopa mafunzo ya jioni, ambayo katika majimbo mengi ni saa 20 hadi 30. Hasara ni yao, kwa sababu ndugu asiye na leseni kwa kawaida hupata kidogo kuliko mgeni mwenye leseni aliyepokea mtoto wa aina hiyohiyo. Kanuni ya shirikisho ya Septemba 2023 imeyaruhusu majimbo kuweka masharti mepesi ya leseni kwa ndugu, na inataka ndugu akishapata leseni hiyo alipwe sawa na wengine. Ulizeni kama jimbo lenu limeianza.

Tuseme na lisilopendeza. Viongozi wa jumuiya hupenda kusimama mbele ya hakimu na kudai kwamba mtoto wa Kikongo alelewe na Wakongo. Hoja hiyo hushindwa, na imeandaliwa kushindwa. Sheria ya 1994, iliyokazwa mwaka 1996, inakataza kuchelewesha au kukataa kumweka mtoto kwenye familia kwa kigezo cha rangi au asili ya taifa. Inayosikilizwa ni hoja ya mtu: huyu anamjua mtoto tangu kuzaliwa, huyu anazungumza lugha pekee ambayo mtoto anaielewa, huyu anaweza kuwachukua wote watatu pamoja. Sheria ya 2008 inaitaka idara ijitahidi kuwaweka ndugu wa tumbo moja mahali pamoja, kwa hiyo mwenye vitanda vitatu ana nguvu kuliko mwenye hotuba. Na sheria ileile ya 1994 inayaagiza majimbo kutafuta familia za malezi zinazofanana na watoto waliopo. Kila kanisa na kila msikiti wenye Waswahili, iwe Louisville, Dallas, Phoenix au Grand Rapids, ungekuwa na familia mbili tu zenye leseni tayari, simu ya usiku wa manane ingepata pa kwenda. Leseni huchukua miezi. Haitafutwi usiku ule.

Ndugu akiwa jimbo jingine, shauri hupitia mkataba baina ya majimbo uitwao ICPC. Ripoti ya nyumba inatakiwa itoke ndani ya siku 60, nayo huchelewa, hasa kwa sababu karatasi za jimbo linalotuma hazikukamilika. Wakili aulizwe tarehe zilipotumwa. Wapo wanaochoka kungoja na kumvusha mtoto mpaka kwa gari wakidhani maadamu ni kwa bibi yake hakuna tatizo. Mtoto hurudishwa, na bibi huandikwa kuwa mtu asiyeheshimu amri ya mahakama.

Tufike kwenye kalenda. Mpango wa shauri huandikwa ndani ya siku 60, mapitio ni kila miezi 6, kikao cha kuamua hatima ni kabla ya miezi 12 kuisha. Sheria ya 1997 inasema mtoto akiwa katika malezi kwa miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, idara inatakiwa ifungue maombi ya kufuta haki za mzazi. Texas ni kali zaidi: shauri linatakiwa liishe ndani ya mwaka mmoja, nyongeza ikiwa siku 180. Miezi 15 ni mirefu kwa anayelia na ni mifupi mno kwa mama aliyewekwa miezi 4 kwenye foleni ya darasa la kufundisha wazazi kulea, darasa likawa la Kiingereza, akakaa humo kimya mpaka likaisha, kisha mwalimu akaandika kwamba hakushiriki.

Sheria hiyohiyo ina mianya mitatu ambayo kila mzazi aijue kwa moyo. Idara inaweza isifungue maombi hayo endapo mtoto analelewa na ndugu. Inaweza isifungue endapo kuna sababu nzito iliyoandikwa. Na inaweza isifungue endapo yenyewe haikutoa huduma ilizoahidi kwenye mpango. Mwanya wa kwanza ndio unaotufanya tupige kelele kuhusu kutaja ndugu: mtoto aliye kwa shangazi hapungukiwi mapenzi, na saa ya mama inaweza kusimama. Wa tatu unataka ushahidi. Mzazi awe na daftari lenye tarehe, jina la ofisa, huduma iliyoombwa na jibu lililotolewa. Darasa likiwa la Kiingereza, wakili alete jambo hilo kwenye kikao cha mapitio cha kwanza na amwombe hakimu atamke kwamba idara haikufanya juhudi za kuridhisha. Tamko hilo linagusa fedha ambazo jimbo hurejeshewa na serikali kuu, na huduma iliyokosekana kwa miezi huweza kupatikana ghafla. Likiletwa mwezi wa 14, huonekana kisingizio.

Ziara nazo ni ushahidi. Mzazi akichelewa kwa robo saa ziara nyingi hufutwa, na mara tatu za kufutwa zinatosha kuandikwa kuwa hana hamu na mtoto. Basi likikwama, apige picha ya kituo ikionyesha saa. Pale ambapo msimamizi hajui Kiswahili, wazazi huambiwa waongee Kiingereza ili asikie yanayosemwa. Mama na mtoto wanabaki kutazamana. Mtoto mdogo hupoteza Kiswahili ndani ya miezi michache, na baadaye huripotiwa kwamba hana ukaribu na mzazi wake. Mkalimani wa ziara aombwe mahakamani kwa maandishi, mapema. Mzazi apeleke pia karatasi moja kwa familia ya malezi: chakula asichokula kwa dini, jinsi nywele zinavyosukwa na mafuta yake, dawa, jina analoitwa nyumbani. Familia nyingi za malezi hupokea karatasi hiyo kwa furaha, maana hakuna aliyewaambia kitu. Shule isibadilishwe bila sababu. Sheria inataka mtoto abaki shule aliyoizoea ila ikionekana si kwa manufaa yake.

Kwa wasomaji walioko Tanzania na Kenya wenye wajukuu huko: nanyi mnaweza kutajwa. Idara za Marekani hutumia mashirika kama International Social Service kupata ripoti ya nyumba nje ya nchi. Ni njia ndefu, isitegemewe peke yake, lakini bibi wa Morogoro aliyetajwa yumo kwenye faili, na barua au simu ya video yake kila wiki huhesabiwa. Kwa raia wa kigeni ambaye si mkimbizi, ubalozi unapaswa kuarifiwa mtoto akiwekewa mlezi, kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa 1963. Mkimbizi asipeleke jina lake kwa ubalozi wa nchi aliyoikimbia kabla ya kuongea na wakili.

Mwisho ni karatasi za uhamiaji, zinazosahaulika na pande zote. Mkimbizi huomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja nchini. Mtoto akiwa mikononi mwa jimbo, ofisa hudhani mzazi ameshaomba, mzazi hudhani ni kazi ya ofisa, na kijana hufikisha miaka 18 bila kadi ya ukaazi. Zaidi ya hayo, mzazi anayepata uraia mtoto akiwa bado chini ya miaka 18 kwa kawaida humvuta naye, ila sheria inataka mtoto awe anaishi chini ya ulezi wa mzazi huyo, na aliye katika malezi ya jimbo anaweza asihesabiwe hivyo. Wakili wa mtoto aulizwe jambo hili kwenye kikao cha kwanza cha mapitio, na nakala ya I-94, yaani rekodi ya kuingia nchini, ya kila mtoto iwe kwa mzazi, kwa ofisa, na kwa ndugu mmoja nje ya nyumba.

Wakalimani na wasaidizi wa familia,
Louisville, Kentucky